R38: meli ya anga iliyokatika juu ya Hull

Haya jamani, tuendelee. Ukitaja ajali ya meli ya anga, yaani lile puto refu lenye fremu na injini, watu wanakimbilia Hindenburg, ile ya Wajerumani iliyoungua 1937, sababu ile video yake kila mtu kaiona, ila miaka 16 kabla yake R38 ilishaua watu 44 pale Hull, Uingereza, na hiyo ni zaidi ya waliokufa Hindenburg.

Dude lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 213 hivi, tumbo limejaa haidrojeni, gesi nyepesi inayoshika moto haraka. Waingereza walilijenga kwao Cardington wakawauzia Wamarekani, ndo maana lilishapakwa namba ya kwao, ZR-2, na mabaharia wa Kimarekani walikuwemo ndani wanajifunza.

Sasa shida ilianzia wapi? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizipunguza uzito Zeppelin, meli zao za anga, ili zipande juu kabisa mizinga isizifikie, na kule juu hewa ni nyepesi. Waingereza wakaiga ule wepesi, halafu 24 Agosti 1921, jioni kama saa kumi na moja na nusu, wakaishusha chini ambako hewa ni nzito na inaikandamiza fremu zaidi, wakaongeza spidi, wakawa wanakata usukani kulia, kushoto, kulia tena, si majaribio bwana! Fremu ikakatika katikati, moto, milipuko, vioo vya madirisha vikapasuka mjini, vipande vikaangukia mto Humber. Walikuwa 49, wakapona 5, wanne kati yao walikuwa mkiani.

Uchunguzi ukaja kuonyesha kwamba hesabu za nguvu ya hewa kwenye fremu hazikupigwa kabisa. Hazikupigwa! Campbell aliyeichora alikuwa ndani na akafa humo humo, kwa hiyo hata wa kumuuliza hakuna.

Watu wa Hull walisema nahodha Wann, ambaye yeye alipona, aliipeleka mtoni makusudi isiwaangukie. Mi siamini sana, chombo kishakatika vipande viwili utaendesha nini?

Miili ya Wamarekani ilirudishwa kwao kwa manowari ya Kiingereza, Dauntless. Mnara wa kumbukumbu upo makaburi ya Western hapo Hull, ulizinduliwa 1924, na Maitland, mkubwa wa meli za anga za Uingereza, kazikwa hapo hapo. Miaka sita baada ya mnara, Cardington ile ile ikatoa R101, ikaanguka Ufaransa na kuua 48. Hiyo tutaichambua baada ya chai.