Kuruka si kazi, kazi kutua

BARAKA: Karibuni tena barazani. Mimi Baraka, niko Dar, hapa saa tatu usiku na umeme upo. Zuhura yuko California, kwake saa tano asubuhi. Dada, hujambo?

ZUHURA: Sijambo, ndugu yangu. Leo nimelala vizuri, usinionee huruma.

BARAKA: Sasa wasikilizaji, niwaelezeni kisa. Wiki nzima huyu dada ananitumia ujumbe. Wa kwanza umeandikwa hivi: "Niko chuoni Berkeley, naangalia kozi." Nikafurahi! Nikamwambia mke wangu, Zuhura anarudi shule. Nikamjibu hongera, ni kozi ya nini?

ZUHURA: (anacheka) Nami nikamjibu, ya juu ya mnara, ina watoto wanne.

BARAKA: Nikasema huyu zamu za usiku zimemwelemea.

ZUHURA: Kozi ndege, Baraka! Sisi Mombasa bibi alikuwa akisema, "Kozi mwandada, kulala na njaa kupenda." Yaani mwindaji hodari kama yule, ukisikia kalala njaa, basi kataka mwenyewe. Nyinyi wa bara kila chenye makucha ni mwewe.

BARAKA: Si ni mwewe tu?

ZUHURA: Mwewe ni yule mwizi wa mishikaki, anayekupokonya mkononi pale ufukweni. Mkia wake una panda. Kozi hana panda, na mabawa yake yamechongoka kama jambia. Na huyu ninayemsema mimi, wataalamu wanamwita Falco peregrinus. Hilo peregrinus ni Kilatini, maana yake msafiri. Na kweli anasafiri: wako wanaozaliwa kule kaskazini kwenye barafu, ukifika msimu wao wa baridi wanakuja mpaka kwetu Afrika. Na wako wa kwetu wenyewe, wanaozaa kwenye majabali.

BARAKA: Ndiye yule wa mbio?

ZUHURA: Ndiye. Akijitupa kutoka juu kumfuata njiwa anapita kilomita 300 kwa saa.

BARAKA: Treni yetu ya SGR ni 160. Haya, na huko kwenye mnara alifikaje? Si umesema majabali?

ZUHURA: Kwake yeye ule mnara ni jabali. Unaitwa Sather Tower, watu wanauita Campanile, una mita 94 hivi, na juu kuna kengele 61. Kozi hajengi kiota, hana habari ya vijiti wala nyasi. Anachotaka ni ukingo wa juu wenye changarawe, anakwaruza kishimo kwa kifua chake, anataga. Hapo Berkeley jozi moja ilihamia mwishoni mwa 2016, jike na dume, wakaja kuitwa Annie na Grinnell. Wakataga pahala pa ovyo mpaka watu wakawawekea changarawe. Baadaye, 2019, zikawekwa kamera, na dunia nzima ikawa inachungulia.

BARAKA: Kengele 61 mnara huohuo na bado wanaatamia?

ZUHURA: Hawashituki. Na jambo jingine, pembeni kidogo na hadithi yetu: ndani ya mnara huohuo kuna ghorofa zimejaa mifupa ya wanyama wa kale, mali ya makumbusho ya chuo. Sasa ndege ni ukoo wa dinosaria. Kwa hiyo wazee wako kabatini na wajukuu wako barazani.

BARAKA: (anacheka) Haya, tuje kwenye siku yenyewe. Nilikuwa nasubiri video ya kinda anaruka kwa mara ya kwanza. Sikuipata.

ZUHURA: Nitakwambia kwa nini hukuipata. Namtunza bibi mmoja mzee, usiku, nyumba haiko mbali na chuo. Asubuhi natoka, kituo cha basi kiko upande ule. Siku moja nakuta watu majanini wameinua nyuso kama wanaotafuta mwezi wa Idi. Viti vya kukunja, darubini za miguu mitatu. Nikauliza. Mzee mmoja akanisogeza kwenye darubini yake, hata jina hakuniuliza. Nikaona jicho. Jeusi, kubwa, linaniangalia mimi.

BARAKA: Kinda?

ZUHURA: Kinda. Ana siku kama 40 tangu aanguliwe. Mzazi wake ni wa kijivu, kifua kina mistari ya kukingama. Huyu ni wa kahawia, mistari imeshuka chini kama mvua, na kichwani kumebaki kishungi cha manyoya meupe ya utotoni. Mkubwa kama mzazi lakini sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nikakosa basi. Kesho yake nikalikosa kwa makusudi.

BARAKA: Na wale watu wanafanya nini pale? Wanalipwa?

ZUHURA: Hawalipwi. Ni wa kujitolea, kila msimu wa makinda kuruka wanapanga zamu. Kazi yao ni kuangalia nani yuko wapi, maana akianguka chini barabarani hajui gari ni nini. Akiwa mzima anarudishwa juu, ajaribu tena. Akiwa kaumia kuna hospitali ya wanyama pori, mji wa jirani.

BARAKA: Kuna msikilizaji wetu aliniuliza, je, ni kweli mama anawasukuma?

ZUHURA: Hapana, hasukumi mtu. Anafanya jambo la kikatili zaidi. Anapita na chakula.

BARAKA: Anapita tu?

ZUHURA: Anapita karibu, njiwa kashikwa makuchani, kinda anapiga kelele, mama anazunguka na kwenda kutua jengo la pili. Anakaa kule ananyonyoa manyoya taratibu, mtoto anamwona. Nikamkumbuka bibi yangu na kozi wake wa kulala njaa kwa kupenda. Bibi, huyu hakupenda! Huyu kalazwa njaa na mamake.

BARAKA: Mama yangu alikuwa na njia hiyohiyo kunitoa kitandani. Chapati zinanukia jikoni, hakuna anayekuletea.

ZUHURA: Basi siku hiyo dume mmoja, nadhani ni dume kwa umbo, maana majike huwa wakubwa karibu kwa theluthi, na madume kwa wepesi wao hutangulia kuruka. Yuko ukingoni tangu kabla sijafika. Anapiga mabawa, anajiinua inchi chache, anashuka. Anageukia ukuta, anapiga mabawa. Anachungulia chini. Anarudi ndani. Saa mbili nzima! Kinda mwenziwe alikwisharuka jana yake, yuko paa la ng'ambo.

BARAKA: Halafu?

ZUHURA: Halafu nikainama kufungua chupa ya chai.

BARAKA: Usiniambie.

ZUHURA: Wallahi nasikia "aaah!" ya watu, nainua kichwa, ukingo mtupu.

BARAKA: Saa mbili, ukakosa sekunde moja!

ZUHURA: Ndiyo maana huna video. Ila nikwambie, sikukosa kitu, maana kuruka kwenyewe hakuna maajabu. Nilimwona yuko hewani tayari, na anaruka kama aliyezaliwa akiruka. Mabawa yanajua. Ameshajitupa, uzito unamvuta, upepo unamshika, basi. Miguu tu inaning'inia kama mtoto aliyebebwa vibaya. Akazunguka mnara mara moja, mara mbili. Watu wanapiga makofi. Mzee wangu hapigi. Ameng'ang'ania darubini, ananiambia, sasa ndiyo kazi inaanza.

BARAKA: Kazi gani tena?

ZUHURA: Kutua! Hebu fikiria. Uko kasi, mbele yako kuna ukingo mwembamba. Lazima uupunguze mwendo usiishie njiani, ukunjue mkia, usimamishe kiwiliwili, utangulize miguu, na upepo wa ubavuni haukungoji. Na hakuna mahali ulipofanyia mazoezi. Ukutani aliweza kupiga mabawa wiki nzima, lakini kutua hawezi kujifunza mpaka awe amekwisharuka.

BARAKA: Kama mimi na pikipiki. Niliendesha vizuri sana mpaka nilipotaka kusimama.

ZUHURA: Na huku mjini kuna adui ambaye jabalini hayupo: kioo. Kioo kinaonyesha anga, kinda anaona njia. Uzao wa kwanza pale, 2017, walikuwa wawili. Wakapewa majina kutoka kaulimbiu ya chuo, Fiat na Lux. Lux aliruka, na haukupita muda akagonga dirisha la jengo mle mle chuoni. Akafa.

BARAKA: Eh. Pole yao.

ZUHURA: Makozi zaidi ya nusu hawaumalizi mwaka wa kwanza, hata porini. Lakini hawa watu wanawajua kwa majina, ndiyo shida.

BARAKA: Na huyo Annie na mumewe bado wapo? Maana uliniambia kuna tamthilia.

ZUHURA: Ah, hiyo usinikumbushe, hapa ndipo bibi ninayemtunza huniambia rudia tena. Mwaka 2021, mwezi wa Oktoba, Grinnell anaokotwa kaumia, kapigana na makozi wengine. Anapelekwa hospitali. Huku nyuma dume mwingine keshaanza kumposa Annie.

BARAKA: Mtu yuko wodini!

ZUHURA: Yuko wodini. Novemba akaachiwa, akarudi mnarani kwake, mgeni akaondoka. Februari 2022 Annie akapotea karibu wiki, watu wakaanza kumlilia, siku moja kamera inamwonyesha amerudi kama aliyetoka sokoni. Wakataga. Tarehe 31 Machi Grinnell akakutwa amekufa mjini, inaelekea aligongwa na gari. Mayai yako chini ya Annie, na kuatamia peke yake huku anajiwindia hawezi. Watu wakasema basi, msimu umekwisha.

BARAKA: Ukaishia hapo?

ZUHURA: Siku ileile akaja dume mgeni. Akamletea chakula. Akapanda juu ya mayai yasiyo yake, akayaatamia. Yakaanguliwa mawili, akayalisha mpaka yakaruka. Watu wakapiga kura, akaitwa Alden.

BARAKA: Baba wa kambo. Huku wengine hata ada ya mtoto wao wa damu hawatoi.

ZUHURA: Usimpambe sana, anajua anachofanya. Mnara mzuri na jike mzoefu haviokotwi. Ukilea hawa, mwakani huenda ukapata wako. Na hata hivyo hakupata, mwaka uliofuata Annie alikuwa na dume mwingine kabisa.

BARAKA: (anacheka) Jamani Annie! Lakini niulize la uchumi: watu wazima, kazi zao, kwa nini wanamlilia ndege? Kunguru wetu wa Dar hakuna anayemwekea kamera.

ZUHURA: Kwa sababu walibaki kidogo wasiwe nao. Unaikumbuka DDT?

BARAKA: Naikumbuka jina. Bibi alikuwa akiisifia kwa kunguni, anasema dawa za siku hizi ni maji tu.

ZUHURA: Hiyohiyo. Marekani waliimwaga mashambani kwa wingi baada ya Vita vya Pili. Mdudu anaila kidogo, ndege mdogo anakula wadudu mia, kozi anakula ndege wadogo mwaka mzima. Haimuui. Inakaa kwenye mafuta yake na kuharibu jinsi chokaa inavyoingia kwenye ganda la yai. Mama anakaa kuatamia, yai linapasuka chini yake.

BARAKA: Kwa uzito wake mwenyewe?

ZUHURA: Kwa uzito wake mwenyewe. Kufika 1970 California nzima, jimbo hili kubwa, zilijulikana jozi mbili tu zinazozaa. Mashariki ya Marekani hata moja hapakuwa. DDT ikapigwa marufuku 1972. Wakawa wanawazalisha vizimbani na kuwaachia, mtu mmoja aitwaye Tom Cade akiwa mstari wa mbele, na 1999 serikali ikawatoa kwenye orodha ya walio hatarini. Mwaka 2019 makinda wawili wa Berkeley waliitwa Carson na Cade. Cade ni yeye, na Carson ni Rachel Carson, mwandishi aliyewaamsha watu kuhusu hiyo dawa. Yule mzee wa darubini alinieleza ujanani mwake alikaa miaka bila kumwona kozi hata mmoja. Sasa anabeba kiti.

BARAKA: Sawa, sasa nimeelewa kiti. Wanapokua wanabaki palepale?

ZUHURA: Wapi! Mzazi huyohuyo aliyemlisha atakuja kumfukuza. Kuna mmoja wa 2018, Lawrencium, kwa utani wanamwita Larry, jike. Ana pete mguuni, ndiyo maana akatambulika. Unajua alikwenda kuzaa wapi? Alcatraz, kile kisiwa cha jela.

BARAKA: Katoka chuo kikuu kaenda jela.

ZUHURA: Kwa hiari yake, na mandhari ya bahari.

BARAKA: Umemwacha yule wetu hewani lakini. Ana miguu inaning'inia.

ZUHURA: Haya. Akajaribu paa la kwanza, akaja kasi mno, akapita juu yake. Akageuka. La pili akashika ukuta badala ya ukingo, nasikia kucha zinakwaruza jiwe, krrr, nikashika mkono wa mtu nisiyemjua. Akajisukuma, akaanguka kidogo, mabawa yakamdaka. Mara ya tatu alichagua mti, na tawi jembamba likainama naye mpaka akawa anatazama chini, akaliachilia. Amechoka, anaonekana, mdomo wazi. Mzazi mmoja anazunguka juu yake anapiga kelele. Mara ya nne paa pana, bapa. Akaja chini chini, akatanguliza miguu, akafika... akapiga kidevu.

BARAKA: Akaangukia uso?

ZUHURA: Akabiringika, akasimama, akatikisa manyoya, akaangalia huku na huku kama yule aliyeteleza sokoni anahakikisha hakuonekana. Sasa mzee ndiyo akapiga makofi. Mara mama akaja na njiwa akamwachia. Akala kidogo, halafu akajilaza.

BARAKA: Kozi analala chali?

ZUHURA: Kifudifudi, tumbo juu ya paa, bawa moja limetupwa pembeni. Hulala hivyo bado watoto. Tulimwangalia kwenye darubini, kope zinapanda kutoka chini, zinafunga.

BARAKA: Na wewe?

ZUHURA: Nikamalizia chai yangu, imeshapoa, nikaenda zangu kulala.