Programu mbili zinagombania faili moja la DLL? Fuata hivi

Haya wadau karibuni, leo tunamaliza ule ugomvi wa DLL kwenye Windows, yaani umeweka programu mpya imekubali vizuri tu, halafu ile ya zamani unayoitumia kila siku ukiifungua inaleta kosa au inafunguka na kujifunga hapo hapo. DLL ni faili la maktaba, ndani yake kuna kazi ambazo programu nyingi zinaazima kwa pamoja, sasa moja ikitaka toleo la zamani na nyingine ikaleta jipya ndo balaa linaanza.

Kabla hujagusa chochote nakuomba sana, usiingie mtandaoni kutafuta hilo faili peke yake ukalitupia kwenye System32 (foda ya mafaili ya Windows yenyewe). Hujui limetoka wapi, laweza kuwa na virusi, na hata likiwa safi unaweza kuziharibu programu zingine zilizokuwa zinafanya kazi bila shida.

Anza kwa kusoma ujumbe wa kosa, wengi wanabonyeza OK haraka haraka. Ukiambiwa faili halipo, ujue Windows haijalipata kwenye foda inazotafuta. Ukiona entry point not found ujue faili limepatikana ila toleo sio, ile kazi inayotafutwa haimo. Na namba 0xc000007b mara nyingi ni programu ya biti 64 imekutana na faili la biti 32, au kinyume chake.

Kama hakuna ujumbe, fungua Event Viewer (programu ya Windows inayotunza kumbukumbu za makosa), ingia Windows Logs kisha Application, tafuta alama nyekundu ya muda ule programu ilipokufa. Shuka mpaka Faulting module path. Hapo unapata jina la faili na foda lilikotoka, na hiyo foda ndo muhimu kuliko vyote, kwa sababu Windows kwa kawaida inaangalia kwanza foda ya programu yenyewe, halafu System32, halafu foda ya Windows, mwisho kabisa zile foda zilizoorodheshwa kwenye PATH (orodha ya foda ambazo Windows inapitia kutafuta mafaili), na ikishalipata mahali haiendelei kutafuta. Kwahiyo programu iliyojiandika kwenye PATH inaweza kulisha wenzake faili lake bila wewe kujua. Kuhakikisha fungua cmd (dirisha la kuandika amri) uandike where zlib1.dll (weka jina la faili lako), utaona nakala zote zilizopo kwenye PATH kwa mpangilio.

Sasa dawa. Kama faili lenye shida ni vcruntime140 au msvcp140, nenda tovuti ya Microsoft ushushe Visual C++ Redistributable (kifurushi chenye mafaili hayo), weka ya x86 (biti 32) na ya x64 (biti 64) zote mbili. Msvcr120 ni ya 2013, msvcr100 ni ya 2010, hizo zina vifurushi vyake, usizifute ati kwa sababu ni za zamani.

Kama nakala mbaya inatoka kwenye PATH, fungua Environment Variables (mahali pa kuhariri hiyo PATH) uishushe ile foda chini ya orodha au uitoe, halafu funga programu na uifungue upya. Kama faili baya liko ndani ya foda ya programu, usilifute, libadilishe jina uongeze .zamani mwishoni, kisha weka programu upya kutoka kwenye installa yake ili irudishe nakala yake yenyewe, pale pale kwenye foda yake, haitamsumbua mwingine.

Na kama lililoharibika ni la Windows, fungua cmd kama adimini, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, subiri iishe hata ikichelewa, halafu sfc /scannow, amri hizo zinakagua na kurekebisha mafaili ya Windows. Angalizo, kwenye Windows ya biti 64 mafaili ya biti 64 yako System32 na ya biti 32 yako SysWOW64, majina yanachanganya kweli lakini ndivyo ilivyo.

Zima kompyuta uwashe, fungua programu zote mbili kwa pamoja uzifanyishe kazi. Zikikaa sawa siku kadhaa, ndo sasa ufute lile la .zamani.