Lumbesa Juu ya Lumbesa

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu mafundi, na ninyi vijana mliofunga mabanda yenu ya gemu jioni hii mkaja kunisikiliza, ahsanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na nitalisema tena kwa sababu wiki hii nimeletewa kompyuta mbili zenye ugonjwa uleule. Sitaeleza kwa kirefu GPU, yaani chipu inayochora picha za kompyuta, wala ovakloki, yaani kuipandisha chipu hiyo kasi kupita iliyopangiwa. Asiyejua amuulize jirani yake, kwa kuwa huenda ndiye aliyeniletea moja ya kompyuta hizo.

Nani humu hajaona lumbesa? Gunia hujazwa viazi hadi mdomoni, kisha hushonewa kilemba cha kamba, nacho kikajazwa mpaka gunia likawa na kichwa kama cha mtu. Kadi ya grafiki, yaani ile inayobeba GPU, yenye herufi OC (ovakloki) kwenye boksi ni lumbesa. Kiwanda kilichoiunda kilinunua chipu ambayo mtengenezaji wake aliipangia kasi fulani, kikaiwekea feni kubwa zaidi, kikapandisha kasi juu ya ile iliyopangwa, kikaipima, kisha kikakuuzia kwa bei iliyopanda kidogo. Tofauti ni kwamba lumbesa ya viazi humwibia mkulima, ilhali hii imeandikwa wazi na wewe umeilipia kwa hiari yako. Kwa hiyo sina ugomvi na kiwanda. Ugomvi wangu ni na yule anayelifikisha gunia nyumbani salama, akatafuta kamba ili alishonee kilemba cha pili, na likipasuka ananiletea mimi sindano.

Tuone hesabu. Kadi ya GTX 1060 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2016 na ambayo bado naikuta mabandani, ilipangiwa na kampuni ya NVIDIA kasi ya megahezi 1,506 za msingi na 1,708 za juu. Lakini tangu mwaka 2012 chipu za kampuni hiyo hujipandisha zenyewe kupita kasi iliyoandikwa, mradi joto na umeme viruhusu. Yangu, iliyoongezwa kasi kiwandani, ilikuwa ikikimbia karibu na megahezi 1,960 kabla sijaigusa. Ukuta wa nyingi za aina hiyo upo karibu na 2,100. Tuseme una bahati ukafika 2,070: umepata asilimia 5 na kidogo. Hata kama kila megahezi ingegeuka kuwa picha, jambo ambalo halitokei, fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde zingekuwa 63. Mchezaji wako wa mpira hataziona fremu hizo tatu, ila ataiona gemu ikijifunga dakika ya 88.

Nilijifunza kwa kuungua. Nilipoinunua kadi ile niliiongezea megahezi 150, nikaiona nambari kwenye programu, nikalala kwa furaha. Kesho yake gemu ikajifunga. Nikashusha hadi 100, ikafanya kazi usiku kucha bila kasoro, na saa 8 mchana ikajifunga tena. Nikalaumu umeme. Nikabadilisha pawasaplai, nikaweka upya draiva, nikafuta Windows yote, nikapoteza karibu wiki mbili. Siku moja mke wangu aliingia chumbani mchana, akaniuliza ninawezaje kukaa ndani ya tanuri lile. Chumba kilikuwa cha bati, hakina dari! Usiku chipu ilikuwa na nafasi ndogo ya kupumua, nami nilikuwa nimeila yote. Mchana joto lilipopanda, kasi ile ikawa haishikiki tena kwa volti ileile. Chipu za kizazi kile huanza kushuka zenyewe kwa hatua za takribani megahezi 13 kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo hata pale gemu isipojifunga, sehemu ya ulichoongeza asubuhi inarudishwa mchana bila wewe kuambiwa.

Najua mtasema kuna mtu kwenye intaneti amefika mbali zaidi. Mtu huyo amechagua chipu moja nzuri kati ya nyingi, yuko kwenye baridi, na pengine ameimwagia naitrojeni ya maji ili apate alama moja ya dakika chache. Wewe unafungua banda saa 3 asubuhi na kufunga saa 4 usiku. Tena msinitajie upepo wa ziwa. Ziwa letu la Victoria lipo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni inayozunguka kwa mizunguko ileile husukuma hewa pungufu ya ile inayosukumwa Dar es Salaam.

Mwingine atasema, basi tuongeze volti. Umeme unaoliwa na chipu hupanda kwa kasi mara volti mara volti. Ongeza volti kwa asilimia 10 ili upate asilimia 5 ya kasi, na chipu itakula umeme zaidi kwa takribani asilimia 27, ambao wote unageuka joto, na luku haikusamehei. Aidha, sloti ya ubao mkuu wa kompyuta hutoa wati 75 na waya wa pini 6 wati 75, jumla 150, na kiwanda kimeshaweka kikomo chake ndani ya baiosi, programu iliyo ndani ya kadi yenyewe. Anayebadilisha baiosi ili kukivunja kikomo hicho asinitajie tena neno waranti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi juu ya memori, nitasema moja tu: GDDR5, aina ya memori iliyo kwenye kadi ile, hugundua makosa ya njiani na kutuma data upya, kwa hiyo unaweza kupandisha nambari na kasi halisi ikashuka bila doa lolote kwenye skrini. Pima fremu, usipime nambari. Kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali tutaziacha.

Kinachobaki ni kwenda upande wa pili: shusha volti kidogo kidogo, kasi ya kiwandani ibaki palepale, na kadi itapoa. Lakini kabla ya volti kuna brashi. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kufuata taa hufia kwenye mabamba ya kupozea, wakachanganyika na vumbi, wakawa zulia. Wewe kijana wa nyuma, mwenye kompyuta miguuni, ilete hapa mezani. Fungua ubavu wake, na mtu azime feni ya ukumbi kwanza, la sivyo wote tutawavuta puani.