Bolti za Rangi ya Dhahabu

SALMA: Karibuni tena kipindini. Leo tunazungumzia sumu ya kromiamu, na Bakari kaja studio na kikopo cha misumari. Kulikoni?

BAKARI: Si misumari, dada, ni bolti. Nimemwomba fundi wangu wa pikipiki aniazime. Chukua moja, igeuzegeuze kwenye mwanga.

SALMA: Dhahabu. Halafu inatoa kijani, na zambarau kwa mbali, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi.

BAKARI: Hapo. Ndani chuma, juu yake zinki, na juu ya zinki kuna utando mwembamba wa kromati, yaani mchanganyiko wenye kromiamu. Bolti za zamani zikiwa na mng'aro huo, mara nyingi ni kromiamu sita, mojawapo ya aina za kromiamu. Hiyo ndiyo yenye sumu. Kromiamu tatu ni nduguye mpole.

SALMA: Mimi nilidhani kesi ni ya bomba la sinki, lile unalojiona usoni.

BAKARI: Lile limechovywa kupakwa kromiamu yenyewe, ile ya metali, imetulia, unene wake hata nusu ya elfu moja ya milimita haufiki mara nyingi. Likisuuzwa vizuri kiwandani halina neno. Tabu ni majimaji ya kuchovyea yaliyoganda kwenye vipembe na upande wa ndani.

SALMA: Na aliyelichovya?

BAKARI: Ah, huyo! Tangi la kuchovya lina asidi ya kromiki. Umeme ukipita, viputo vinapanda, vinapasuka, vinarusha ukungu, naye anauvuta. Kuna wafanyakazi ambao ukuta wa katikati ya pua ulitoboka.

SALMA: Tundu kabisa?

BAKARI: Tundu, na mwingine hasikii hata maumivu. Bado saratani ya mapafu. IARC, wakala wa Shirika la Afya Duniani, wameiweka kromiamu sita kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, pamoja na moshi wa sigara.

SALMA: Sasa kwa nini watu waliing'ang'ania?

BAKARI: Kwa sababu inafanya kazi, tena sana. Ukiikwaruza bolti hii, unyevu unayeyusha kromiamu kidogo kutoka pembeni, inakwenda kuziba mkwaruzo. Inajitibu.

SALMA: Kwa hiyo inayeyuka...

BAKARI: Ndiyo maana inazuia kutu, na ndiyo maana inaingia kwenye jasho la kiganja chako. Sifa na kosa ni kitu kimoja.

SALMA: (anaiweka bolti mezani) Haya.

BAKARI: Usiogope, kuishika mara moja si kitu. Shida ni anayezishika kila siku. Ngozi ikishaikataa, mwasho na ukurutu vinaweza kumfuata maisha yote, hata akigusa ngozi ya viatu au saruji. Saruji nayo inayo kidogo. Ulaya tangu 2005 hairuhusiwi kuzidi miligramu 2 kwa kilo.

SALMA: Mjomba wangu mwashi, vidole vyake vilipasuka miaka yote. Tukasema ni uzee.

BAKARI: Sitamtibu kwa redio, lakini wanaojua ngozi wangeanza kuuliza hapo. Kwenye vifaa vya umeme Umoja wa Ulaya uliweka kikomo tangu Julai 2006: asilimia 0.1 ya uzito wa utando. California nao mwaka 2023 walipitisha kanuni ya kuiondoa kwenye uchovyaji wa mapambo, kama wa lile bomba lako.

SALMA: Mimi dukani nitazijuaje? Nikwepe za njano?

BAKARI: Rangi inadanganya. Siku hizi kromiamu tatu nayo hutiwa rangi ya njano, maana wanunuzi wameizoea. Maabara wanatumia dawa inaitwa difenilkabazidi: ikikutana na kromiamu sita inageuka zambarau.

SALMA: Fundi wako umemweleza haya?

BAKARI: Nimemweleza, na glavu nimemnunulia. Alizivaa dakika mbili, akazivua. Kasema akizivaa hasikii meno ya nati yakishika.