Bei Haishuki, Lakini Soketi Zinaongezwa

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunaongea na wewe ambaye nyumba umeshaiona, imejengwa juzi, rangi bado inanuka, na bei umeshatajiwa. Mimi ni Zuhura.

KASSIM: Na mimi Kassim, niliyewahi kupewa taa ya bure yenye vioo 24, nikatoka pale natabasamu kama nimeshinda bahati nasibu.

ZUHURA: Hiyo taa tutaifikia, usiwe na haraka. Nieleze kwanza jambo moja. Kwa nini muuzaji wa nyumba mpya ukimwambia apunguze bei anakunja uso, lakini ukimwomba marumaru nzuri zaidi anakubali hata hujamaliza kusema?

KASSIM: Kwa sababu hauzi nyumba moja. Mtu anayeuza nyumba aliyokuwa akiishi, akipunguza amepunguza, anafunga mizigo anahama. Kampuni ina nyumba, tuseme, 40 zinazofanana. Ikikupunguzia wewe, ile bei inaingia kwenye hati. Kesho mthamini wa benki akija kuikagua nyumba ya pili, anauliza ya jirani iliuzwa kiasi gani. Hapo kampuni imejipunguzia nyumba zote zilizobaki.

ZUHURA: Na waliokwisha kununua wakisikia?

KASSIM: Wanakuja juu! Wanataka na wao warudishiwe. Marumaru je? Nani atajua umewekewa ipi? Bei kwenye karatasi inabaki ileile, na kila mtu analala.

ZUHURA: Halafu kuna hesabu nyingine ndani yake. Zile marumaru kampuni inazinunua kwa jumla, na mafundi tayari wako pale. Akikwambia, "dada, hii nyongeza thamani yake ni 100," hiyo 100 ni bei aliyoipanga yeye kwenye orodha yake. Mfukoni mwake imetoka pungufu. Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni ule ule, Kassim: nataka bei ishuke. Nyongeza baadaye.

KASSIM: Najua. Na hapo ndipo tunapogombana kila siku.

ZUHURA: Hatugombani, nakufundisha. Mtu ananunua kwa mkopo wa benki. Riba ni asilimia 8, muda ni miaka 25, marejesho ni sawa kila mwezi. Kila 100 unayokopa, mpaka unamaliza umelipa kama 231. Sasa yule muuzaji anakwambia makabati bora ya jikoni ni 100 tu, tunayaingiza kwenye bei ya nyumba, hata hutayasikia. Hutayasikia leo! Makabati yatakuwa yameshalegea bawaba, milango inaning'inia, wewe bado unayalipia.

KASSIM: Hapo sina ubishi.

ZUHURA: Na kinyume chake pia. Kila 100 iliyoshuka kwenye bei, kama ungeikopa, umejiokolea 231. Na pale ambapo kodi au ada za uhamisho zinapigwa kwa asilimia ya bei, nazo zinashuka. Nyongeza haishushi kitu.

KASSIM: Sawa mwalimu. Lakini muuzaji amekataa. Amekataa kabisa, bei ni hiyo. Unanyanyuka unaondoka?

ZUHURA: Kama nina pengine pa kwenda, ndiyo. Na nahakikisha ananiona nikiondoka.

KASSIM: Na kama huna, nyumba umeipenda? Basi ndiyo naingia mimi. Lakini naomba cha maana, siyo taa.

ZUHURA: Haya, tuambie sasa habari ya taa.

KASSIM: Nilinunua nyumba ukuta haujapigwa lipu. Unasikia? Matofali yanaonekana, mabomba ya kupitishia waya yako wazi, fundi umeme yuko pale anakula mchana wake. Mimi nikakaa ofisini kubishania taa ya sebuleni. Nikapewa. Tukahamia. Usiku wa kwanza natafuta pa kuchajia simu chumbani. Soketi ni moja, na iko nyuma ya kabati la nguo.

ZUHURA: Ukafanyaje?

KASSIM: Mwaka mzima nilitambaza waya wa kuunganishia sakafuni. Mama watoto akajikwaa mara ya tatu, nikaita fundi. Akachimba mfereji ukutani, kuanzia swichi ya mlangoni mpaka kitandani. Vumbi liliingia mpaka kwenye mito. Lipu ikarudishiwa, rangi ikapakwa, na mpaka leo ukisimama jua likipiga dirishani unauona mstari. Rangi ileile, kopo jingine, haikulingana.

ZUHURA: Na taa?

KASSIM: Taa inahitaji ngazi na kitambaa, vioo 24, kila kimoja na vumbi lake. Ningeweza kuinunua mwenyewe wakati wowote, dukani zimejaa. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza aombe nini, namwambia: omba kitakachofichwa. Soketi, bomba la maji ya moto kufika jikoni, njia ya waya wa intaneti, bomba la kutolea maji mahali utakapoweka mashine ya kufulia, kihami joto juu ya dari. Ukuta ukiwa wazi ni kazi ya saa chache. Ukishafungwa ni kubomoa.

ZUHURA: Hapo nakubaliana nawe, na ni nadra. Ila ulizeni mapema, maana kila kazi ina siku yake ya mwisho. Wakishaagiza vifaa au fundi bomba akishaondoka, hata kama wanakupenda vipi watakwambia imepita.

KASSIM: Kuhusu wakati wenyewe wa kuomba, wana malengo ya mauzo kama duka lolote. Mwisho wa mwaka wao wa hesabu, au zimebaki nyumba mbili tatu na wanataka kuhamisha mafundi waende mradi mwingine, hapo masikio yanafunguka. Nyumba iliyokamilika na haijauzwa inawala riba na mlinzi kila siku.

ZUHURA: Tena wa kwanza kabisa kununua naye ana nguvu, kwa sababu kampuni inahitaji kuonyesha kwamba watu wananunua. Wa katikati ndiye mwenye kazi. Lakini Kassim, nataka tuingie kwenye nyumba ya mfano, ile wanayokutembeza kabla hujanunua. Pale ndipo watu wanapopotea.

KASSIM: Tupeleke.

ZUHURA: Ingia ukiwa na futi kamba. Mimi niliingia moja, chumba cha watoto kikaonekana kipana ajabu. Nikapima kitanda. Kilikuwa kifupi kuliko kitanda cha kawaida, mtu mzima miguu ingening'inia. Na nusu ya vyumba havikuwa na milango! Milango imeng'olewa ili usione inavyokula nafasi ikifunguliwa. Kioo kikubwa ukutani, taa zote zinawaka mchana kweupe.

KASSIM: Na karibu kila ulichokipenda mle ni nyongeza ya kulipia.

ZUHURA: Umesema. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi ni hili: "Katika chumba hiki, onyesha kwa kidole kilichomo kwenye bei na kisichokuwemo." Namfuata anavyonyoosha kidole, naandika. Wanaona vibaya, lakini wanajibu.

KASSIM: Na ukishapata unachotaka, wanakuambia "usijali, tumeshaelewana".

ZUHURA: Yaani neno hilo! Mali bila daftari huisha bila habari. Ile ahadi iingie kwenye mkataba kabla hujaweka saini, na iandikwe kwa ukubwa na idadi. Ukiandikiwa "marumaru za hali ya juu", hali ya juu kwa nani? Andika aina, vipimo, vyumba gani, mpaka wapi. Soketi ngapi, ukuta upi, kimo gani kutoka sakafuni. Yule aliyekuahidi anaweza kuwa ameacha kazi siku unapokabidhiwa funguo.

KASSIM: Na benki ijulishwe. Ukipewa punguzo la pembeni, labda wanakulipia ada ya wakili au wanakurudishia sehemu ya malipo ya awali, mkopeshaji anataka kujua, kwa sababu anakopesha kwa thamani halisi ya nyumba. Ukificha, mkopo unaweza kukwama dakika za mwisho.

ZUHURA: Kuna ombi moja ambalo watu hawalitaji, na mimi nalipenda kuliko marumaru: sehemu ndogo ya malipo ibaki mikononi mwa wakili mpaka kasoro zirekebishwe. Wengi watakataa. Wakikataa, omba angalau mkaguzi wako aingie kabla ya makabidhiano, na tarehe ya kumaliza marekebisho iandikwe.

KASSIM: Maana ukishalipa yote, ile simu inaita tu.

ZUHURA: Inaita mpaka inakata.

KASSIM: Kuna msikilizaji anauliza: ameshaweka pesa ya kushikilia nyumba, bado anaweza kuomba?

ZUHURA: Kama mkataba wa mauzo hajausaini, aombe. Kwanza asome ile risiti, aone pesa inarudi au hairudi akijitoa. Nguvu yake iko hapo.

KASSIM: Na kama ukuta wake bado haujapigwa lipu, akimaliza kusikiliza aende leo leo na chaki. Asimame pale kitanda kitakapokaa, kulia na kushoto, achore alama mbili, apige picha. Kisha ndiyo aende ofisini.