Judy Baca, msanii aliyechora na mtaa mzima

Walimu wangu, wanafunzi wenzangu wa sanaa, hamjambo.

Judy Baca alizaliwa Los Angeles mwaka 1946, katika familia yenye asili ya Meksiko. Amechora kuta, amesanifu mnara wa kumbukumbu ya César Chávez, mtetezi wa wafanyakazi wa mashambani, huko San José, amefundisha chuo kikuu cha UCLA na kuleta kompyuta katika uchoraji wa ukutani. Lakini mimi nashikilia kwamba kipaji chake kikubwa ni kukusanya watu.

Mwaka 1970 aliwakutanisha vijana wa magenge hasimu wakachora pamoja picha ya bibi aliyekunjua mikono, katika bustani ya Hollenbeck. Hebu fikirini: kuwasimamisha vijana hao mbele ya ukuta mmoja tu ni kazi nzito kuliko kuchanganya rangi!

Kisha ukaja Ukuta Mkuu wa Los Angeles, mchoro mrefu unaosimulia historia ya California. Ulianza kuchorwa mwaka 1976, kwenye ukingo wa zege wa mfereji wa Tujunga. Mvua zikinyesha, mfereji ule hupitisha maji ya mafuriko, kwa hiyo walichora majira ya joto tu, hadi 1983. Vijana zaidi ya 400 walishiriki, baadhi yao wakiwa wameshafikishwa mahakamani. Ukuta ukafika urefu wa mita 840 hivi. Kabla ya kushika brashi, walisikiliza wanahistoria na wazee waliokuwepo mambo yalipotokea.

Naomba tukae kidogo na kipande kinachosimulia miaka ya 1950. Barabara kuu zimejipinda katikati ya familia moja ya Kimeksiko na kuwatenganisha. Juu yao uwanja wa besiboli unashuka mithili ya chombo cha anga za mbali. Jambo lenyewe lilitokea: wakazi wa Chavez Ravine, mtaa wa Wameksiko jijini Los Angeles, walihamishwa kwa ahadi ya nyumba za umma, nyumba hazikujengwa, na hatimaye pakasimama uwanja wa timu ya besiboli ya Dodgers. Mjukuu wa waliohamishwa huelewa picha ile bila kusoma hata neno moja, na kwangu hicho ndicho kipimo cha sanaa ya umma.

Ukuta haujaisha. Mwaka 2023 Baca na timu yake walianza kuchora vipande vipya vinavyosimulia miaka ya 1960 ndani ya jumba la makumbusho la LACMA, na mgeni yeyote aliweza kusimama akawatazama wakifanya kazi.