Barua ya Biashara na Habari ya Gazeti kwa Kiingereza: Anza na Jambo Lenyewe

Assalamu alaikum, karibuni tena. Video ya leo si ya wanaoanza. Ni ya yule ambaye Kiingereza anacho: yuko chuo kikuu, SUZA pale Tunguu, au kamaliza Kidato cha Sita, au yuko mapokezi kwenye hoteli Nungwi na anazungumza na wageni kutwa nzima bila ya kukwama. Lakini akiambiwa "muandikie mnunuzi wa Ujerumani kwamba mzigo umechelewa", anakaa nusu saa anaitazama kompyuta.

Chukua daftari. Tutatumia kisa kimoja, nimekibuni mimi, na tutakiandika mara mbili: kwanza barua ya biashara, halafu habari ya gazeti. Kisa ni hiki, kiko hapo kwenye skrini. Kikundi cha akina mama Jambiani kinatengeneza sabuni ya mwani. Mnunuzi aliyeko Hamburg ameagiza vipande 600, na mzigo ulikuwa uondoke tarehe 5 Mei. Mvua ya masika imevuja kwenye banda la kukaushia, vipande 350 vimeharibika. Sabuni mpya inataka wiki sita kukauka vizuri. Kwa hiyo mzigo utaondoka tarehe 16 Juni.

Simamisha video hapa. Usiandike Kiingereza bado. Andika kwa Kiswahili, kwa mstari mmoja tu: huyu mnunuzi anataka kujua nini? Si wewe unataka kumwambia nini. Yeye anataka kujua nini?

Umeandika? Nadhani umeandika "mzigo utafika lini". Hilo ndilo la kwanza. La pili, "niwaambie nini wateja wangu". La tatu, "hawa watu nifanye nao kazi tena au vipi". Mvua ilivyonyesha, bati lilivyong'oka, fundi alivyoahidi asije, hayo yanakuuma wewe. Yeye hayamhusu sana.

Sasa tuingie kwenye ufunguzi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua nyingi za kwetu zinazama hapa hapa. Sisi huku huwezi kuingia kwa mtu ukaanza na shida yako. Utapiga hodi, utaulizana hali, utauliza watoto, utauliza mvua huko kwao, ndipo useme, "Ahaa, nilikuwa na jambo." Hiyo ni adabu na sikwambii uiache. Na barua zetu za ofisini nazo zina hodi yake: kuna "Yah:", halafu "Husika na kichwa cha habari hapo juu", halafu aya nzima ya kueleza wewe ni nani na ofisi yako iko wapi. Mtu akija kwenye Kiingereza anayabeba yote. Anaandika "Refer to the heading above." Kwa msomaji wa Hamburg hiyo ni amri: anaambiwa akasome tena kichwa alichokwisha kukisoma. Ataona umemkalia juu, na wewe ulikusudia heshima.

Kwa hivyo futa. Kichwa kiwe kwenye sehemu ya mada ya barua pepe, kiwe na nambari ya oda na tarehe mpya. Salamu iwe moja. Sentensi ya kwanza ibebe jambo lenyewe. Nisomee hii kwa sauti:

"Your order of 600 bars of seaweed soap will leave Zanzibar on 16 June instead of 5 May. We are sorry for the delay."

Angalia. Kiasi kimo, bidhaa imo, tarehe mpya imetangulia ya zamani. Radhi imeombwa mara moja, kwa maneno sita. Nimewahi kusahihisha barua za aina hii ambazo mtu anaomba radhi mwanzo, kati na mwisho, mpaka unahisi kuna mtu kafa. Kwa Kiingereza cha biashara radhi ikizidi inamtia mtu shaka: huyu kuna jingine kubwa zaidi ananificha?

Sentensi inayofuata ndiyo ya sababu, na iwe fupi:

"Rain damaged 350 bars in our drying shed, and the new ones need six weeks to harden."

Basi. Wengi mtapenda kuandika kwamba uharibifu "umefanywa na mvua", kwa kitenzi cha kutendwa, kwa sababu skuli tulifundishwa kwamba ndicho Kiingereza cha kikubwa. Si lazima. Mvua imeharibu, mwache mvua afanye kazi yake mwenyewe.

Halafu sehemu ambayo wengi wanaisahau kabisa: unamtaka afanye nini? Vipande 250 vimesalimika. Mpe chaguo na mpe siku.

"We can ship the 250 good bars now. Please tell us by 8 May whether you want them now or with the rest."

Usimalizie na "tunasubiri majibu yako mazuri". Majibu ya lini? Mazuri ya vipi? Siku ikitajwa, kazi inakwenda.

Sasa tupite haraka kwenye vitu vidogo vinavyoleta hasara kubwa. Saa: ukimwambia mtu simu ni saa tatu asubuhi, kwenye barua ni 9 a.m., na utaje kuwa ni saa za Zanzibar. Hili mnalijua, lakini mkiwa na haraka mnaandika 3. Tarehe: usiandike 5/6 kwa tarakimu tupu, kwa sababu Muingereza atasoma tarehe tano Juni na Mmarekani atasoma tarehe sita Mei. Andika jina la mwezi. Vipimo: karafuu shambani tunapima kwa pishi, wachumaji wanalipwa kwa pishi, lakini Hamburg pishi hawaijui, badilisha iwe kilo au tani kabla barua haijaondoka. Nukta na koma: sisi tunaandika 1,500 kwa elfu moja na mia tano, Mjerumani na Mtaliano mara nyingi wanaandika 1.500. Ukiona bei kwenye barua yao, isome mara mbili. Na ukitaja bei ya FOB, yaani bei ya mzigo mpaka umepakiwa melini, weka jina la bandari ya kupakia baada yake, maana FOB bila ya bandari haijakamilika.

Majina sasa. Hapa kuna utamu. Sisi wengi hatuna jina la ukoo. Una jina lako, la baba, na la babu. Mzungu anachukua la mwisho, anaweka Mr mbele yake, na anamwandikia babu yako. Usikasirike. Fanya hivi: kwenye saini yako andika majina yako kamili, halafu kando weka Ms au Mr kwenye mabano, kwa sababu mtu wa mbali hajui Mwanaidi ni mke au Haji ni mume. Ukipenda uitwe kwa jina la kwanza, sema wazi. Na wewe ukimwandikia yeye, tumia Ms au Mr na jina lake la ukoo, usiweke jina lake la kwanza baada ya Mr. "Mr Peter" ni ya kwetu, kama tunavyosema Bwana Juma. Kwao haiko.

Kufunga: kama ulianza kwa "Dear Sir or Madam", Muingereza anafunga kwa "Yours faithfully". Kama umetaja jina, funga kwa "Yours sincerely". Kwenye barua pepe ya kawaida "Kind regards" inatosha kabisa, na Mmarekani ataridhika na "Sincerely".

Barua imekwisha. Haizidi maneno mia. Pumzika, kunywa maji, rudi.

Habari ya gazeti. Kisa ni kile kile, lakini msomaji amebadilika. Mnunuzi alikuwa hana budi kukusoma, pesa yake imo. Msomaji wa gazeti hakudai chochote. Akichoka mstari wa pili, kageuza ukurasa.

Fungua gazeti lolote la Kiswahili la kwetu uone habari zinavyoanza. "WANANCHI wametakiwa..." "WAZIRI wa fulani amewahimiza wakulima..." Mgeni rasmi ndiye habari. Nasema wazi, sipendi, hata kwa Kiswahili sipendi, lakini ni mtindo na una watu wake. Kwa Kiingereza cha gazeti usiuhamishe. Waziri kufika Jambiani si habari. Alichokikuta au alichokiamua ndiyo habari.

Hatua ya kwanza ya habari ni kujibu nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Lakini si yote kwenye sentensi moja, utamziba mtu pumzi. Chagua mawili matatu yenye uzito. Sentensi ya kwanza isizidi sana maneno thelathini. Hii yangu ina ishirini na sita, hesabu:

"Rain has ruined more than half of an export order of seaweed soap from Jambiani, delaying it by six weeks, the group's secretary said on Tuesday."

Kilichotokea kimetangulia. Aliyesema yuko mwisho, lakini yuko. Hiyo "said on Tuesday" usiifute ukaona ni pambo. Ndiyo inayomwambia msomaji umeipata wapi. Na ukienda mbele, endelea na "said" hiyo hiyo. Mwanafunzi mzuri anaona aibu kurudia neno, anaanza kuleta vitenzi vizito: amesisitiza, amebainisha, amefafanua, kila sentensi na chake. Kwa Kiswahili chetu hayo yamezoeleka. Kwa Kiingereza yanaficha hukumu ndani yake. Ukiandika kwamba mtu "claimed", umeshamtilia shaka.

Siku nayo ina mtego. Ukimhoji mzee wa Jambiani akakwambia mvua ilinyesha usiku wa Ijumaa, muulize tena. Wazee wa pwani wanahesabu siku tangu jua linapozama, kwa hiyo mara nyingi anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa Kiingereza huo ni Alhamisi usiku. Ukikosea hapo, habari yako yote imekosea siku.

Aya ya pili na ya tatu: idadi, na maneno ya mtu. Aliyekuwapo alizungumza Kiswahili, nawe unaandika Kiingereza. Alama za kunukuu ziweke pale tu ambapo una uhakika tafsiri yako imebeba kile alichosema, bila ya kumpamba. Ukiwa na wasiwasi, eleza kwa maneno yako na useme ni yeye aliyesema. Na kumbuka Kiswahili kina "yeye" moja. Rudi kwenye rasimu, tafuta kila "he" na kila "she", hakikisha katibu wa akina mama hajageuka mume katikati ya habari. Mnacheka, lakini hutokea.

Jina: mara ya kwanza taja kamili pamoja na cheo, baadaye fuata mtindo wa gazeti unaloliandikia. Mtindo wenyewe si mmoja. Rais Samia Suluhu Hassan, wa kwetu Makunduchi, magazeti ya hapa yanamwandika Rais Samia, mashirika ya habari ya nje yamekuwa yakimwandika Hassan. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021, huko nje na hapa nyumbani aliandikwa Gurnah bila ya taabu. Muulize mhariri, au soma matoleo yao matatu manne kabla hujaandika.

Usuli uje chini. Hapa ndipo unamwambia msomaji wa mbali kwamba kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na kwamba wakulima wengi ni wanawake. Weka sentensi mbili, si historia nzima. Na tafadhali, usiandike kwamba mvua hii imeletwa na mabadiliko ya tabianchi kwa sababu tu unajua neno hilo kwa Kiingereza. Kama kuna mtaalamu kasema hivyo, mtaje. Kama hakuna, acha mvua iwe mvua.

Kichwa cha habari kiandike mwisho, ingawa kitasomwa mwanzo. Kitenzi chake kinakuwa cha wakati uliopo hata kama jambo limepita jana, na "a" na "the" zinaachwa: "Rain ruins Jambiani soap order". Kwa jambo linalokuja, wanatumia "to": "Jambiani soap group to repair shed".

Kwa nini uzito wote unawekwa juu? Kwa sababu mhariri nafasi ikimbana anakata kutoka chini, na hakupigii simu kukuuliza. Ijaribu habari yako kabla yake: funika aya ya mwisho kwa mkono. Habari inaeleweka bado? Funika na ya juu yake. Ukikuta kitu kikubwa kimefunikwa, kipandishe.

Kazi yenu basi. Chagueni kisa chenu cha kweli, cha kazini au mtaani: boti imeahirishwa, umeme umekatika wiki nzima hotelini, karafuu zilizoanikwa zimerowa mvua Pemba. Andika barua ya maneno mia na habari ya maneno mia mbili. Ukimaliza barua, mpe mwenzako asiyejua kisa chochote, mwache asome mstari wa kwanza tu, kisha ichukue karatasi yako. Muulize: jambo gani limetokea, na mimi nifanye nini? Akianza kukuambia habari za salamu, kaa chini uandike upya ule mstari.